Kama kuna ngano ndani, msiandike bila gluteni

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji na naomba msiikate sana hii barua, maana jambo lenyewe linataka kuelezwa mpaka lieleweke. Hapa Mtwara mjini kuna bekari imefunguliwa, nje wamebandika bango kubwa, mikate bila gluteni, keki bila gluteni, skonsi bila gluteni, na chini yake wameongeza kwamba ni nzuri kwa wenye kisukari, wenye mzio na wanaotaka kupunguza mwili. Jina la bekari sitalitaja wala mtaa wake, wenyewe wakisoma watajijua. Mkate niliouziwa pale kwa jina la bila gluteni una unga wa ngano ndani, na sio kwamba nimehisi, nimeambiwa na aliyeukanda. Na mimi nina mtoto ambaye ngano inamharibu utumbo.

Wengi wetu habari za gluteni tumezisikia juzijuzi kwenye simu, kwenye mambo ya dayati na kupunguza tumbo, ndo maana watu wanalichukulia kama fasheni. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na kwenye shayiri, na kwenye nafaka nyingine ya huko nchi za baridi inaitwa rai. Hiyo protini ndo inafanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndo inashika hewa ya hamira mkate ukaumuka ukawa laini. Kwa watu wengi haina tatizo lolote na wala siwaambii watu waache chapati zao. Ila kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Mtu mwenye seliaki akila gluteni kinga ya mwili wake inageuka inaushambulia utumbo wake mwenyewe, vile vinyweleo vidogo vidogo vya ndani ya utumbo mwembamba vinavyonyonya chakula vinasinyaa mpaka vinalala kabisa, kwahiyo mtoto anakula na unaona anakula lakini chakula kinapita tu. Tumbo linajaa, anaharisha, wengine ndo kwanza wanapata choo kigumu, damu inapungua, mtoto harefuki. Watu wazima wengine hawaharishi hata siku moja ila wanaishia na mifupa dhaifu, upungufu wa damu usioisha, uchovu, wengine mimba zinaharibika na hawajui chanzo. Huu sio ule mzio wa kuvimba midomo ukachomwa sindano ukapona, na mpaka leo hauna kidonge. Tiba ni moja, kuacha gluteni maisha yote.

Mwanangu alianza kuumwa tulipomwanzishia uji wa lishe. Kila mama wa huku anaijua ile lishe, unachanganya mtama, ulezi, mahindi, karanga, soya, na wauzaji wengi wanatia na ngano humohumo, unasagiwa unafungiwa kwenye mfuko, na kliniki wanakusisitiza mtoto anywe uji ashibe. Basi ikawa kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokonda. Tukatibiwa minyoo, tukatibiwa taifodi, tukapewa dawa za kuongeza damu, tukaambiwa utapiamlo tuongeze lishe, na majirani wakaniambia mtoto ametupiwa jicho nimpeleke kwa wataalamu. Manesi na madaktari wa huku siwalaumu, huu ugonjwa kwetu hauzungumzwi na dalili zake zinafanana na mambo mengine mia. Tulikuja kupata jibu Dar es Salaam, kwa kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za huu ugonjwa halafu wakamwingiza kamera mpaka kwenye utumbo wakachukua vinyama wakaviangalia. Hapa niwaambie kitu wazazi wenzangu, kama unashuku mtoto wako ana hili tatizo usimwachishe ngano kabla ya vipimo, maana ukimwachisha mapema kipimo cha damu kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Pima kwanza, ndipo uache.

Tulipoacha ngano mtoto alibadilika mpaka ndugu zangu wa Masasi walipomwona hawakuamini kama ni yuleyule. Hakupewa dawa ya ajabu, ni bada, ubwabwa, samaki, kunde, matembele, ming'oko msimu wake ukifika, vitu vya huku huku.

Na hii sio stori ya kwangu peke yangu, historia yenyewe ya huu ugonjwa iko hivyohivyo. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Sidney Haas, mwaka 1924 aliandika kwamba watoto wenye huu ugonjwa wanapona wakilishwa ndizi, na watoto wengi walipata nafuu kweli, dunia ikaamini ndizi ndo dawa. Kumbe kwenye dayati yake ya ndizi alikuwa amekataza mkate. Aliyekuja kugundua mchawi ni nani ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alishaanza kuushuku mkate kabla ya vita, halafu ikaja ile njaa ya Uholanzi ya mwishoni mwa Vita vya Pili, msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945, mkate ukawa adimu sana, watu wanakula vitu vya kuokoteza, na katikati ya njaa hiyo wagonjwa wake wa seliaki hali zao zikawa nzuri. Mkate uliporudi wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika utafiti wake kuonyesha kwamba ni ngano. Mimi nikikumbuka mwanangu alivyokonda kwa uji wa lishe naelewa kabisa yule daktari aliona nini.

Sasa turudi kwenye bekari. Mtoto mwenye seliaki hapa kwetu nyumbani hana shida, shida iko nje. Shuleni wenzake wana maandazi, chapati, skonsi. Ramadhani kwa jirani kuna sambusa, tambi, kaimati. Bethdei kuna keki. Mwanangu ameshazoea kusema asante sili, anasema mwenyewe kabla sijamkonyeza, na watu wazima wanamshangaa, wengine wananiambia mbona unamnyima mtoto mama, mpe kidogo tu. Ameshaniuliza mara nyingi ule mkate wa slesi wanaokuja nao wenzake, wenye blubendi ndani, ladha yake ikoje. Kwahiyo lile bango nilipoliona nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nikamwambia Jumamosi tunaenda kununua mkate wako. Akawahi kuamka, akavaa nguo za sikukuu.

Tulivyoingia harufu ya mkate imejaa mpaka mlangoni, kabati la kioo limepangwa vizuri, mikate ya kawaida rafu za chini, ile ya bila gluteni rafu ya juu, kabati hilohilo moja. Nikamsalimia dada wa kaunta nikamuuliza hii ya juu mnatumia unga gani, akanijibu unga wa muhogo mama, wa hapahapa kwetu, akasema kwa kujivunia na mimi nikasikia raha kweli kwa sababu siku zote najiuliza kwanini sisi wa kusini tunaolima muhogo hivi hatujauweka kwenye vitu vya mjini. Nikauliza bei, zaidi ya mara nne ya mkate wa kawaida. Nikalipa. Nilikuwa tayari kulipa, najua kitu cha kutengwa kina gharama zake.

Yule dada akauchukua mkate kwa koleo lilelile alilotoka kuwekea maandazi, akaupitisha kwenye mashine ya kukatia slesi ambayo muda huohuo ilikuwa imekata mikate miwili ya ngano ya mteja aliyekuwa mbele yangu, chenga zimejaa kwenye visu zinaonekana kwa macho. Nikamwambia dada subiri, hiyo mashine si imetoka kukata ngano? Akaniambia hamna shida mama tunaifutaga jioni. Akauweka kwenye mfuko akanipa.

Nikaushika ule mkate nikauminya, ukarudi. Nikachana slesi kidogo ikavutika nyuzinyuzi. Mimi unga wa muhogo naujua, nimekula makopa tangu nina akili, na nyumbani nimeshajaribu mikate ya muhogo mitupu, inatoka mizito, inakatika, ukipoa unakuwa mgumu. Mkate wa muhogo mtupu hauvutiki nyuzi. Nikaomba kuonana na fundi. Akatoka kijana mmoja mstaarabu, aproni nyeupe kwa unga, nikamuuliza kaka samahani, humu mmetia ngano? Akanijibu bila kificho, kidogo tu mama, ya kushikia, bila ngano hauumuki. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema kama nusu kwa nusu hivi, wakati mwingine muhogo unazidi. Nusu kwa nusu! Nikamuuliza sasa mbona mmeandika bila gluteni, akasema gluteni ni ile kemikali wanaongezea viwandani mkate ukae laini, sisi hatuongezi hiyo, sisi natural kabisa.

Yule kijana hakuwa ananidanganya, anaamini hivyo, na hilo ndo limeniuma zaidi. Wakati naongea naye mwanangu alikuwa ameshatoa slesi mfukoni ameishika anasubiri nimwambie bismillahi. Nikaichukua mkononi mwake. Alilia pale mbele ya watu, na kwa umri wake ameshaacha kulia hovyo.

Mwenye bekari akaitwa. Nikamweleza kwa utaratibu, sikupayuka, nikamwambia mzee wangu mtoto huyu ni mgonjwa na bango lenu linawaita watu kama yeye. Akaniambia wateja wote wanakula na hakuna aliyewahi kulalamika. Halafu akasema mpe kidogo kidogo atazoea, hata mimi maziwa yalikuwa yananisumbua nikazoea. Hela nilipoomba nirudishiwe nikaambiwa mkate ukishakatwa haurudi. Tukaondoka hivyo.

Sasa nataka nilijibu hili la kidogo kidogo na atazoea maana sio yeye peke yake anayelisema, nimelisikia kwa ndugu, kwa walimu, hata kwa watu waliosoma. Utumbo wa mwenye seliaki hauzoei. Anaweza asiharishe, anaweza asilalamike chochote, na ndani vinyweleo vinaendelea kuliwa. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2007 kutoka Italia, wagonjwa waliokuwa wameshapona utumbo wakapewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, utumbo ukaanza kuharibika tena. Miligramu 50! Slesi moja ya mkate wa ngano ina gluteni kama gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000, kwahiyo zile 50 ni kipande ambacho ukikiweka mezani unaweza kukipuliza kikaruka. Na ndo maana viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, ambavyo vipo chini ya FAO na WHO, vinasema ili chakula kiitwe bila gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Ulaya wanafuata hiyo, Marekani wanafuata hiyo tangu mwaka 2013. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina gluteni zaidi ya miligramu 200, kwahiyo kijiko hicho kimoja kikidondokea kwenye kilo 10 za unga wa muhogo, zile kilo 10 zote huwezi tena kuziita bila gluteni. Haya, chukua nusu kwa nusu uipigie hesabu mwenyewe.

Ndo maana zile chenga kwenye mashine ya slesi zina maana. Vumbi la ngano kwenye bekari linaruka hewani linatua kwenye meza, kwenye trei, kwenye chekecheo, kwenye mwiko. Hata kama ule mkate ungekuwa muhogo mtupu asilimia 100, kwa koleo lile na mashine ile tayari ulikuwa umeshaharibiwa. Sisi watu wa pwani hili halipaswi kuwa gumu kulielewa. Mtu akiandika nyama halali mlangoni kwake tunategemea sio nyama tu, na kisu, na gogo la kukatia, na mafuta ya kukaangia, na hakuna muuzaji anayethubutu kumwambia mteja kuna nguruwe kidogo tu ya kuongeza ladha. Basi uangalifu uleule ndo ninaouomba kwenye mkate wa mgonjwa.

Na lile la kisukari nalo wakaliondoe. Mkate wa muhogo ni wanga, sukari ya mwili inapanda vilevile, kutokuwa na gluteni hakumsaidii mwenye kisukari kitu. Mama yangu mdogo ana sukari, angeliamini lile bango angekula mkate mzima akijua anajitibu.

Kitu kinachonisikitisha ni kwamba huu mkoa na ndugu zetu wa Lindi ndo mahali ambapo hii biashara ingefanyika kwa ukweli kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Wazungu huko kwao wanahangaika kutengeneza chakula cha watu wa seliaki, sisi tumekirithi. Mkate wa kumimina hauna ngano hata chembe, ni mchele uliolowekwa ukasagwa na tui la nazi, hamira, iliki, sukari na ute wa yai, unamiminwa kwenye sufuria unaumuka wenyewe, wa mchele mtupu. Vitumbua ni mchele. Vibibi ni mchele. Kashata za korosho, kashata za nazi. Mtama upo, uwele upo, muhogo ndo usiseme, pale Naliendele kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI ambacho kazi zake ni pamoja na korosho, ufuta, karanga na huo huo muhogo. Mwanamke yeyote wa Mikindani au Kilwa anayejua kumimina mkate vizuri anaweza kuweka bango la bila gluteni kesho asubuhi na likawa kweli, sharti tu vyombo vyake visikutane na ngano.

Na hilo sharti najua sio jepesi, nalipitia mwenyewe kila wiki. Mashine za kusaga za mtaani zinasaga kila kitu, anatoka mtu na ngano ya lishe unaingia wewe na mchele wako, kwahiyo mchele wa mtoto nautwanga nyumbani kwenye kinu nachekecha kwa chekecheo lake mwenyewe ambalo halijawahi kuguswa na unga wa chapati. Vitumbua vya barabarani sinunui siku hizi maana kuna wanaotia ngano kidogo ili viwe laini, na mafuta wanayokaangia unakuta asubuhi yamekaanga maandazi. Namuuliza mama wa vitumbua taratibu, shikamoo mama, umetia ngano? Wengine wananijibu vizuri wananiambia ukweli, nimetia mwanangu usimpe, na nawashukuru sana. Hao hawana bango lolote.

Kuhusu kuumuka, yule fundi alikuwa na hoja ya kweli, bila gluteni mkate wa hamira hauinuki kirahisi. Lakini zipo njia na watu wanazitumia. Unachukua sehemu ya unga wa muhogo unaupikia kwanza maji ya moto mpaka ukawa kama uji mzito unaonata, ule mnato ndo unashika hewa. Unaongeza mayai. Ute wa mbegu za chia au za kitani unasaidia, na maganda ya isabgoli ambayo maduka ya dawa ya Wahindi wanauza kwa ajili ya choo kigumu yanashika vizuri sana, mimi ndo ninayotumia. Brazil wana vimkate vya wanga wa muhogo na jibini wanakula nchi nzima, na havina ngano. Tena hao Brazil, ambao muhogo ni wao kwa asili, wana sheria tangu mwaka 2003 kwamba kila chakula cha paketi kiandikwe kina gluteni au hakina gluteni, moja kati ya hayo mawili, hata kama ni biskuti, hata kama ni soseji. Mzazi wa kule anaingia dukani anasoma paketi anaondoka. Mimi hapa nikienda dukani nasimama na paketi ya soya sosi au ya soseji nasoma maandishi madogo mpaka mwenye duka anadhani nataka kuiba, na ndiyo, soya sosi nyingi zina ngano, na vinywaji vya malti ni shayiri, watu wengi hawajui.

Ombi langu kwa TBS, shirika letu la viwango. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula ulipotolewa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ukapelekwa kwenu, ninyi ndo mnaosajili majengo ya chakula na bidhaa zenyewe. Neno bila gluteni msiliache likawa kama neno tamu au neno fresh ambalo kila mtu anajiandikia. Anayetaka kuliandika aonyeshe anatumia unga gani, unasagwa wapi, vyombo vyake vimetengwa vipi, na mkate wake upimwe, vipo vipimo vya haraka vya kijikaratasi vya kutambua gluteni kwenye chakula, sio lazima kila kitu kisafiri maabara kubwa. Mabwana afya wa manispaa nao wanapokagua hizi bekari kuangalia choo na kadi za kupima afya, waulize na hili, ni swali moja tu. Na SIDO pamoja na VETA ambao wanafundisha vijana wetu kuoka, naomba kwenye mafunzo waelezwe gluteni ni nini, kwa sababu yule fundi aliniambia alichofundishwa na mtu mwingine aliyefundishwa vibaya, na kesho atamfundisha mwingine.

Kuna atakayesema watu wenye seliaki Tanzania ni wachache, kwanini biashara zisumbuliwe. Tutajuaje kama ni wachache wakati hatupimi? Huko Ulaya inakadiriwa karibu mtu 1 kwa kila 100, na usiseme ni ugonjwa wa wazungu, Waafrika wenzetu Wasahrawi wa Sahara Magharibi walipopimwa watoto wao ikaonekana ni zaidi ya 5 kwa kila 100, hakuna sehemu nyingine duniani iliyojulikana kuwa juu hivyo. Hapa kwetu chakula cha asili kilikuwa kinatukinga wengi bila kujua, lakini sasa hivi mkate umefika mpaka vijijini Tandahimba na Liwale, watoto wanaamkia maandazi na tambi, wale ambao miili yao haiitaki ngano wataonekana tu. Nikiwaza watoto wanaotibiwa minyoo kila mwezi kwenye zahanati zetu wasipone, nawaza wangapi kati yao wangepimwa.

Na kwa mwenye ile bekari. Mzee wangu, mimi sina ugomvi na wewe na sitaki ufunge, umeajiri vijana na mkate wako wa kawaida nasikia ni mzuri. Una njia mbili. Ya kwanza ni kutenga, chumba kingine, meza nyingine, mashine nyingine, oveni ianze na ya bila gluteni kabla ngano haijaingia, unga wa muhogo ununue kwa mtu anayesaga muhogo peke yake, halafu uoke mikate isiyo na ngano kabisa hata kama itatoka mifupi na mizito. Wazazi wa watoto hawa hatujali mkate kuwa mfupi. Kama huwezi hiyo, na najua ina gharama, basi ya pili ni rahisi, lishushe lile bango wiki hii na uandike mkate wa muhogo na ngano. Watu watanunua vilevile maana ni mtamu. Na kwenye kaunta mwambie yule dada, mteja akiuliza kama kuna ngano ajibiwe ndiyo kabla hajatoa hela.

Mhariri, kama mna mwandishi wenu huku kusini naomba mumtume aende na daktari wa watoto aandike ukurasa mzima kuhusu seliaki, dalili zake, kipimo kinapatikana wapi na gharama yake ni kiasi gani, ili mama wa Newala ajue pa kuanzia kabla hajazunguka kama nilivyozunguka mimi.

Mama wa mtoto mwenye seliaki,
Chuno, Mtwara.